Anayeshika Ncha ya Uzi

Sefrou, mwezi wa Mei

Sanae dada yangu,

Kabla hata sijakusalimu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine: ugonjwa wa mifupa wa mdogo wangu Anwar, nami nimeubeba katika damu yangu. Basi, nimelisema.

Hujambo lakini? Chakula cha bwenini huko Rabat kinalika? Mama yako nilimkuta kwa muuza maziwa, mzima kabisa, analalamika kwamba kwenye picha umekonda. Sisi tupo. Cheri mitini zimeanza kuwa nyekundu. Baba anasokota uzi wa hariri wa kaftani kichochoroni kama kawaida, na tangu nimalize shule mimi ndiye ninayemshikia ncha kutwa nzima. Anwar amevunjika paja tena. Alikuwa anajigeuza tu kitandani.

Bibi anamlaumu Mama. Eti alipokuwa na mimba yake alikuwa mvivu wa kunywa maziwa, "na sasa tuna mtoto wa biskuti." Mama anaendelea kukanda unga.

Hospitali ya Fes ilitutoa damu sote wanne. Siku ya majibu, Baba na Mama walikuwa wamempeleka Anwar kupigwa picha ya mguu, nikabaki mimi na daktari, na hadi leo hawajui aliyoniambia. Aliniuliza kama nakumbuka somo la kolajeni, ile protini inayojenga mifupa. Nikakuona wewe, Sanae, siku ile mwalimu alipotusokotesha nyuzi tatu za shanga, na kila shanga ya tatu ilibidi iwe ile ndogo kuliko zote, la sivyo nyuzi hazibanani. Ulisema hiyo si protini, ni kazi ya baba yangu.

Daktari alisema shanga za Anwar ziko sawa zote. Anayekosekana ni msaidizi ndani ya seli, yule anayezishika nyuzi zinapoanza kusokotana. Bila yeye zinachelewa kujifunga, na wakati zinachelewa zinabandikwa sukari kupita kiasi, kamba inatoka mbovu, na mfupa unajengwa kwa kamba hiyo. Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Nikiiachia ncha Baba anaposokota, hariri ni ileile, lakini uzi haufai hata kufumia kifungo.

Baba na Mama, watoto wa ndugu wawili, kila mmoja ana kasoro hiyo upande mmoja tu wa urithi wake, kwa hiyo wao ni wazima. Anwar ameipata pande zote mbili. Mimi nimeipata upande mmoja. Kisha daktari akaniuliza kama nimeposwa. Nikasema ndiyo, na Idris, mtoto wa ami yangu. Akavua miwani, akasema ni lazima Idris apimwe kabla ya harusi. Yeye akiwa nayo pia, tunaweza kuzaa akina Anwar.

Nimejaribu, wallahi. Nilisema mezani kwamba siku hizi wachumba wanapimana damu. Baba akasema damu ya kaka yake anaijua, haihitaji chupa. Idris akacheka: "Kumbe mimi kondoo wa Idi! Njoo basi unikague na meno." Wote wakacheka. Nami nikacheka, unanijua, nikainamia sahani. Ni mtu mwema. Anwar akivunjika, ni yeye anayembeba juu ya mto, polepole, kama mkate usiopikwa. Nikisema yote, Bibi atapata fimbo mpya ya kumpigia Mama, na Baba na kaka yake hawataketi tena meza moja. Nisiposema, harusi ni cheri zikishavunwa.

Jana Baba alitandaza hariri ya kaftani yangu ya harusi, nyeupe, kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye bomba la maji la kichochoroni. Nikashika ncha. Sijui ilikuwaje, vidole vilifunguka vyenyewe, uzi wote ukaruka, ukajiviringa na kujifunga mafundo. Baba hakukasirika. Alisema kwa sauti ili majirani wasikie, "Bibi harusi ana mawazo!" Anwar, kwenye mkeka wake, akafurahi mno akataka kupiga makofi, na Mama akamwahi, akamshika mikono yote miwili.

Msalimie mwenzako wa chumbani. Na haya, Sanae, yaishie kwako. Usimwambie hata mama yako, hata ukiona nimevaa kaftani hiyo.

Rafiki yako,
Widad