Faili la Kijani na Mtani Wangu wa Mlimani

Jumamosi, masika yameingia kwa fujo

Tangu asubuhi mlima Uluguru hauonekani. Wingu limeukalia mlima kama mtu anayeficha kitu chini ya kanga, na kwa hali niliyokuwa nayo wiki hii, hata wingu nimelishuku.

Naandika haya kwenye kompyuta ya ofisi ya shule, si kule Kihonda nilikozoea. Kwa nini si Kihonda, hiyo ndiyo aibu yangu, na nitaifikia.

Kwa asiyenijua: mimi ni mwalimu wa sekondari, umri umevuka arobaini na tano, kitambi hufika mahali kabla yangu. Nasomea uzamili wa elimu masafa, tena nausomea kwa masafa. Mke wangu anasema ni sawa na kujifunza kuogelea kwa barua. Hapa Morogoro tuko wanne kwenye kozi hiyo, na kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, tunakutana katika darasa tupu kufarijiana. Maktaba ya kutufaa hatuna. Unachosoma ni kile ulichokitafuta mwenyewe mtandaoni, ukakichapisha, ukakibeba kwapani.

Mimi nilikuwa na faili la kijani.

Nimelijaza mwaka mzima. Humo mna anwani za majarida ya elimu masafa yanayosomwa bure, hifadhi za tasnifu za vyuo vya nje, miongozo ya kuandika marejeo, na makala nilizozichapisha ukurasa kwa ukurasa kwa Shaibu, mwenye kibanda cha intaneti Kihonda. Pendekezo langu la utafiti, ambalo msimamizi analitaka Ijumaa ijayo, limesimama juu ya faili hilo. Bila faili sina marejeo. Bila marejeo ninabaki na maoni, na maoni hata kijiweni yapo, tena ya bure.

Wiki mbili zilizopita faili likapotea.

Niseme kwanza ugonjwa wangu. Kabla ya ualimu huu nilifundisha kisomo cha jioni kwenye kiwanda kimoja cha umma, jina tuliache. Siku moja tukaitwa uwanjani tukaambiwa kiwanda kinapata mwekezaji, lakini tusiwe na wasiwasi, hakuna kitakachobadilika. Haukupita muda hata ubao wa matangazo ulikuwa umeng'olewa na kuuzwa. Tangu hapo mtu akiniambia nisiwe na wasiwasi, napapasa mifuko.

Kwa hiyo nilianza uchunguzi. Wa kwanza alikuwa mke wangu, ambaye aliwahi kufungia vitumbua karatasi za mtihani wa kidato cha pili. Nilipekua jikoni hadi chini ya mtungi. Aliniangalia tu, akaendelea kuchambua mchele.

Wa pili alikuwa Mwalimu Perpetua, mwenzetu wa kozi. Yeye ni Mluguru, anafundisha shule ya msingi huko juu karibu na misheni, ambako umeme haujafika na simu hushika mtandao akisimama juu ya jiwe moja tu. Nilimpigia hadi nikampata jiweni. Nikamuuliza kama siku ya mwisho tulipokutana, mvua ilipotutawanya, aliliona faili langu.

"Ninalo mimi, mtani," akasema. "Nimeliteka. Ukilitaka, panda na jogoo uje ukomboe."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Mimi ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za babu zetu waliopita hapa na mizigo kichwani kuelekea pwani. Mtani anaweza kukuvua kofia barabarani akaondoka nayo, na ukikasirika wewe ndiye mshamba. Perpetua ameshadai kila nilichowahi kukipoteza: miwani, mwavuli, hata nywele za utosini, ambazo anasema amejazia mto. Nikamjibu kwamba Waluguru wameiba mpaka mawingu ya watu, nikakata simu, nikafuta jina lake kwenye orodha ya washukiwa.

Ndivyo nilivyo. Katika watu wote, aliyeniambia ukweli ndiye niliyemfuta.

Akabaki Shaibu. Nilianza kukumbuka mambo. Mbona siku hizi ananikaribisha kwa soda? Mbona aliwahi kuniuliza zile karatasi zangu zinahusu nini? Juzi Alhamisi niliingia kwake, na pembeni ya mashine ya kuchapia nikaona ukurasa wa makala ninayoijua, ile ile iliyomo kwenye faili langu, ambayo niliamini Morogoro nzima ninayo peke yangu. Damu ikanipanda. Kibanda kilikuwa kimejaa, wanafunzi wa chuo, mama mmoja anayemwandikia mwanawe aliye ughaibuni. Nikauliza kwa sauti ya paredi ni nani hapa anafanya biashara ya jasho la watu. Shaibu akasema ni kazi ya mteja, atakuja kuichukua jioni. Nikamwambia mteja huyo ana sura yake.

Aliacha mashine, akanigeukia. Kisha akasema taratibu:

"Mwalimu, mkono huu ndio uliokufundisha kushika kipanya. Leo ndio umekuwa wa mwizi?"

Nilitoka. Niliona kumjibu ni kumpa nafasi ya kujitetea. Aliniita kutoka mlangoni, hakunitukana. Alisema tu kwamba kazi yangu ipo kwenye mashine ya tatu, nije niichukue nikitaka, halafu tusijuane.

Kazi yenyewe ni pendekezo langu. Kurasa ishirini na mbili, na nakala nyingine sina. Ndiyo, mtu anayesomea namna ya kumfundisha mwanafunzi aliye mbali ameacha pendekezo lake kwenye kompyuta ya mtu mmoja.

Leo tumekutana. Perpetua alikuwa ameshuka mapema na akina mama wa mboga, gauni limelowa hadi magotini. Akafungua mfuko wa salfeti, akaondoa mafungu mawili ya majani ya maboga, na chini yake, ndani ya nailoni, likatoka faili la kijani.

Nikaanza kucheka. Nilicheka peke yangu.

"Nilikwambia ninalo," akasema. Kisha akafungua daftari lake. "Orodha uliyotugawia mwanzo wa mwaka ina vyanzo kumi na vinne. Humu vimo thelathini na kimoja. Na hili la kuwaandikia waandishi wenyewe wakutumie makala zao, hukututajia kabisa. Hapa sitanii."

Nikasema nilisahau.

"Umesahau kumi na saba, mtani?"

Wenzetu wawili, mmoja wa Mzumbe na mmoja wa mjini, walikuwa wanatazama meza. Ndipo nikaelewa. Perpetua alikuwa amenakili orodha nzima kwa mkono, akawatumia na wao kwa akina mama wa mboga, na wiki yote hii wamekuwa wakichapisha makala wakinisubiri nifungue mdomo mwenyewe. Ule ukurasa kwa Shaibu ulikuwa wa mwenzetu wa Mzumbe.

Kwa hiyo wakati mimi nashuku dunia nzima, kulikuwa na watu watatu wananishuku mimi, na wao ndio waliokuwa na ushahidi.

Nikasema kweli. Ilinitoka vipande vipande. Kuna tetesi kwamba kituo chetu cha masomo kitatafuta mratibu, nafasi moja, na sote wanne tuna sifa. Tumehubiriwa ushindani miaka yote hii, redioni, semina hadi semina, na mimi niliyetemwa na kiwanda niliapa kwamba safari hii sitakuwa wa kuachwa nyuma. Nikawapa wenzangu vile ambavyo wangevipata hata bila mimi. Vitamu nikavikalia.

Hawakunifukuza. Yule wa mjini alisema hata yeye ana anwani mbili tatu alizozificha, akazitaja, nikaona si mbaya. Niliandika huku nikijiuliza kama amezitaja zote.

Na wewe uliyefika kwenye blogu hii kwa kupotea, kama unasomea elimu masafa na huna maktaba: soma orodha ya marejeo ya tasnifu za watu, ndiyo ramani. Anza na majarida ya bure kabla ya kulilia yale ya kulipia. Makala ikifungwa, tafuta barua pepe ya mwandishi, mwandikie sentensi tatu za adabu, mweleze unasoma nini na uko wapi. Mimi wamenijibu wengi kuliko nilivyotegemea, na mmoja aliniuliza Morogoro kuna baridi kiasi gani. Nilikaa na siri hiyo miezi minane.

Tulipokuwa tunafunga daftari, Perpetua akaniuliza kama ni kweli alivyosikia, kwamba nimemwita Shaibu mwizi mbele ya watu. Nikajaribu kupoza kwa mzaha, nikasema Shaibu ananijua, atacheka tu.

Hakucheka. Hakuniita mtani pia.

"Mwalimu," akasema, "yule si mtani wako."

Sentensi hiyo nimetembea nayo kwenye tope hadi hapa ofisini. Perpetua naweza kumwita mwizi kuanzia leo mpaka siku ya mazishi yangu, naye atasimama kaburini aniite mwizi vilevile, na hakuna aliyeumia. Shaibu hana kinga hiyo. Ana kibanda, mashine sita, na jina lake. Yule mama wa barua aliondoka Alhamisi bila kumaliza kuandika.

Kwa hiyo Jumatatu nitakwenda. Nilifikiria kuwahi alfajiri akiwa anafungua, tuyamalize wawili, kimyakimya. Hapana. Nilimvunjia heshima kibanda kimejaa, basi nitangoja saa kumi kijae, niseme kwa sauti ile ile.

Ila kuna jambo linanikera, na kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, nalo niliseme. Kazi yangu iko kwake na Ijumaa iko karibu. Nikisema samahani huku macho yangu yako kwenye mashine ya tatu, hiyo ni samahani au ni ada ya kufunguliwa mlango? Shaibu si mjinga, ataniangalia na atajiuliza hilo hilo.

Nimeamua hivi: nitaomba radhi, kisha nitatoka. Kazi sitaiulizia. Asipoitaja mwenyewe, Jumanne naanza ukurasa wa kwanza, kwa mkono, maana siku za kazi kompyuta hii ina wenyewe, na siku nne zitatosha au hazitatosha.

Nimeshaamua, na bado namshuku mtu mmoja. Kama zile kurasa ishirini na mbili zingekuwa hapa mezani kwangu leo, ningekwenda?