Nyuzi Zilizolegezwa

Na hilo uliloniandikia, la mwalimu wako kulegeza nyuzi za mandola kila ukimaliza kupiga, mjukuu wangu, mume wangu mdogo, usimwache mwalimu huyo kwanza. Marahaba. Hapa Tabora tu wazima, na mimi na babu yako mpya tangu ndoa tunacheka tu kama watoto.

Usichanani nilijifunza mandola kwenye kikundi cha taarabu. Jioni, kiongozi akishanitengenezea chombo, milio yangu ilitoka tamu. Kesho yake mchana nikija peke yangu, vidole palepale, sauti mbovu! Nikamshuku kijana aliyetunza vyombo. Siku moja nikajibanza mlangoni, nikamkuta analegeza nyuzi.

"Mbaya wewe! Hutaki nijue!"

"Bibie, hizi ni za gitaa, nene mno. Za mandola hazipatikani mjini. Zikikaa zimekazwa, shingo ya chombo itapinda. Mbona hukuuliza?"

"Na wewe mbona hukusema?"

"Nilingoja uje uniulize."

Sikumwamini. Akanifundisha kukaza kila jozi mpaka nyuzi mbili zilie kama moja, tukazishusha kidogo zifuate sauti yangu. Muda wote namtazama kwa jicho la pembeni.

Basi huyo ndiye aliyenioa sasa uzeeni, moyo wangu wote! Hata leo akinimiminia chai huku anatabasamu, nashuku kuna jambo.

Wewe muulize mwalimu nyuzi hizo ni za chombo gani. Babu yako amekununulia za mandola, ila kazificha, hataki nizione. Kabla mwezi haujaisha tutakuja Igunga, nimwone huyo mwalimu usoni.