Saini Tatu za Baba

Gongoni, Tabora
Jumapili, 9 Machi 2025

Kaka yangu mpendwa Zablon,

Shikamoo kaka. Najua askari ataisoma barua hii kabla yako, basi naye namwamkia, na ninamwomba uvumilivu kwa kuwa ni ndefu. Hali yako je? Kile kikohozi cha Januari kimekuachia? Blanketi nililomkabidhi mchungaji anayekuja kuwahubiria umelipata? Yeye anasema alilikabidhi mlangoni pa gereza, lakini nitaamini nikisikia kwako.

Sisi huku tunavuta siku. Mama bado yuko kwangu tangu tulipotoka kijijini Lusu. Presha imetulia, ila mji haujamkubali. Juzi nilimletea michembe ya viazi kutoka sokoni, akaionja moja na kuirudisha sahanini, akasema imekaushwa na watu wavivu. Nilicheka, kisha nikaenda uani kulia, maana katika maisha yake yote mama hajawahi kula michembe ya kununua. Mkeo Marcelina yuko kwao na watoto, wote wazima. Eliya mdogo ameanza kutembea, na ukimwita kwa jina hilo anageuka na kukutazama kwa uzito kama marehemu baba. Shambani kwetu Kasimiri amepanda alizeti mpaka kwenye kizingiti cha nyumba. Mama hajaambiwa, na usimwandikie hilo.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Umeniomba nitafute karatasi tatu zenye saini ya baba, wakili wako azipeleke kwa mtaalamu wa maandishi alinganishe na saini iliyo kwenye fomu ambayo Kasimiri aliitoa barazani. Nimezipata. Ya kwanza ni kitabu chake cha chama cha wakulima wa tumbaku, ya pili ni cheti cha ndoa yake na mama cha kanisa la Moravian, na ya tatu ni barua aliyoniandikia nilipokuwa kidato cha pili, ya kunikanya nisilie kwa ajili ya nyumbani. Ziko hapa mezani wiki ya pili sasa, na hadi Ijumaa wakili alikuwa akinipigia simu kila asubuhi. Rufaa zote mbili, ya shamba na ya kifungo chako, mmezijenga juu ya neno moja, kwamba Kasimiri alighushi saini ya baba. Sijampa wakili hata karatasi moja, kaka; niache kwanza nikueleze ile makala yangu ya kongamano ilivyotengenezwa. Hujawahi kuniuliza. Ulisema mambo ya kongamano ni ya wasomi, ukaniamini hivyo hivyo.

Unakumbuka mazishi ya bibi. Mtani wetu Mfaume, yule fundi seremala wa Ng'ambo, alileta jeneza, na kabla halijashushwa akaingia kaburini na kuketi, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Mzaramo yule hakutuacha na nguo siku ile. Alisema tunalia nini, wakati bibi mwenyewe aliolewa katika ukoo usio na kwao. Akasema Mabruki, babu mzaa babu yetu, aliletwa na msafara akiharisha, wenye msafara wakachoka kumsubiri, wakamuuza kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, kwa jembe moja na doti mbili za kaniki, na mwanangwa akalalamika mwaka mzima kwamba amepunjwa. Watu walicheka hadi kushikana mabega. Baba alicheka kuliko wote, huku machozi ya kumlilia mama yake hayajamkauka. Mfaume akapewa jogoo, bibi akazikwa. Kasimiri alikuwepo, naye ni mjukuu wa mwanangwa yule, na alicheka pia. Hakuna aliyerudi nyumbani na neno lile. Neno la mtani huzikwa na maiti.

Mimi nilirudi nalo. Nilikuwa nimelirekodi kwenye simu.

Mwishoni mwa mwaka ule likatoka tangazo la kongamano kuhusu njia za misafara ya kale. Mkataba wangu wa uhadhiri msaidizi pale chuoni ulikuwa ukingoni, na mkuu wa idara alishaniambia wazi kwamba asiye na makala hana mkataba. Nikaandika ikisiri ya maneno mia tatu kuhusu utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, jinsi ulivyozaliwa njiani kati ya wapagazi na wenyeji wa pwani, na jinsi unavyofanya kazi misibani hadi leo. Ilikuwa kazi ya kweli, kaka, na nilifurahi kuiandika. Ikapokelewa, nikaandika makala nzima, nikaituma.

Ikarudi na maoni ya wahakiki wawili ambao hatuambiwi majina yao. Wa kwanza aliisifu na kusahihisha nukta. Wa pili alisema utani umeshaandikwa vya kutosha, lakini pale kwenye ukurasa wa tisa kuna jambo la thamani, yaani huyo mtu aliyeuzwa njiani. Akashauri makala igeuzwe yote, iwe juu ya wazao wa watumwa walioachwa kando ya njia, ukoo utajwe, kijiji kitajwe, na ushahidi wa mdomo uambatanishwe na fomu ya ridhaa ya mkuu wa familia. Nilipewa siku kumi. Ningeweza kumjibu kwamba ule haukuwa ushahidi, ulikuwa utani, na hata Mfaume hajui kama ni kweli. Nyumbani sisi tuliambiwa Mabruki alikuwa mpagazi aliyetua mzigo kwa hiari yake, akabaki Lusu kwa sababu ya mwanamke. Hilo nalo hakuna anayejua kama ni kweli. Lakini nililichukua neno la Mfaume, nikalivua kicheko chake, nikaandika kwamba msimulizi mwenye umri wa miaka sabini na nne anaeleza kuwa mwasisi wa ukoo alinunuliwa na kupewa sehemu ya kulima na bwana wake. Jembe na kaniki nikaviweka kwenye jedwali.

Kongamano lilikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Nilipewa dakika kumi na tano. Nilipoonyesha picha ya kaburi la bibi ukumbi mzima ulinipigia makofi. Nikarudi na cheti, mkataba ukaongezwa, makala ikawekwa kwenye tovuti yao pamoja na viambatisho vyote ili dunia nzima isome. Nilidhani dunia nzima ni watu wa mbali.

Janeti binti Kasimiri alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Aliona jina la kijiji chao, akafurahi, akampelekea baba yake. Yaliyofuata unayajua. Kasimiri, aliyecheka kaburini, alikwenda kwenye baraza la ardhi na makala yangu mkononi. Wakili wake akasema Mabruki alikuwa mwalikwa tu katika ardhi ya mwanangwa, na mwalikwa hawi mwenye shamba hata uzao wake ukae miaka mia, na kwamba mkuu wa familia mwenyewe amelikiri hilo kwa maandishi. Fomu ikatolewa. Ilisema kwamba yeye, Eliya Mabruki, anathibitisha kuwa maelezo ya ukoo wake yaliyomo katika makala ni ya kweli. Chini yake palikuwa na saini.

Waliponiuliza mimi nilisimama nikasema makala ni yangu, lakini fomu ile siitambui. Nilisema huenda imechomekwa. Nilimwona Kasimiri akifumbua mdomo kwa mshangao, na wewe ukauona mshangao ule ukadhani ni wa mwizi aliyekamatwa. Kisha wakamuuliza baba kama saini ni yake. Baba alinitazama mimi kwanza. Akasema yeye ni mzee, macho hayana nguvu, hakumbuki. Ulikasirika kwamba hakukana kwa ukali. Njiani mlipokuwa mnatoka ulisema baba ameanza kuchoka akili. Baraza likaamua, shamba likaenda, na pale nje ya lango ukachukua mpini wa jembe ukamvunja Kasimiri mkono, ule uliosema wewe kwamba ndio ulioandika jina la baba.

Mwezi wa tisa baba akafa. Alianguka akiwa anafunga mizigo ya kuhama, hakuzungumza tena. Hukuruhusiwa kuja, kwa hiyo sijakueleza mazishi yale, na sikutaka. Jeneza alileta Mfaume, la mninga, zuri sana. Watu walimsubiri aingie kaburini. Hakuingia. Alikaa mbali kwenye benchi, kofia mapajani. Mama mwenyewe, kaka, mjane, alimwendea akamwomba amtanie mumewe, asizikwe kama mtu asiye na watu. Mfaume akamjibu kwa heshima kwamba tangu maneno yake yawekewe namba na kuitwa kielelezo cha tatu, anaogopa kufungua mdomo mbele ya watu. Jogoo aliyeandaliwa alikataa kumchukua. Sijawahi kusikia mazishi yaliyo kimya vile. Udongo ulisikika wote.

Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza hadi barabarani nikamwomba radhi. Alisema yeye nimeshamwomba, na mtani hana kinyongo, lakini katika nyumba ile kuna mtu niliyemkosea zaidi yake, nimtafute kabla naye hajafa. Nilidhani anamsema mama. Barua yako ilipofika ndipo nilipoelewa ni wewe.

Zablon, zile saini zitafanana. Hata mtaalamu akizitazama kwa darubini zitafanana, kwa sababu ile ya kwenye fomu ni ya baba, na aliyeichukua ni mimi.

Kati ya zile siku kumi nilizopewa zilikuwa zimebaki mbili. Nilipanda basi la asubuhi hadi Nzega, nikachukua bodaboda hadi Lusu, nikamkuta baba akitunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, wewe ukiwa umeenda mnadani. Nilimwambia nina karatasi ya chuo ya kusaini, nina haraka. Alikwenda kunawa, maana hakutaka kuichafua, akafuta mikono kwenye suruali, akaketi. Akauliza imeandikwa nini. Fomu nilikuwa nimeiandaa mwenyewe, kila neno naliona hadi leo. Nikamwambia ni mambo ya kazi tu, baba. Akacheka, akasema basi, kama nimesoma mimi, naye amesoma. Akaandika jina lake polepole, ulimi nje kidogo kama mtoto wa shule, na mkia ule wa herufi ya mwisho anaoupenda. Kisha akanifungia karanga za kurudi nazo.

Kwa hiyo pale barazani baba alijua. Aliitambua saini yake, akanitambua na mimi. Akaona binti yake anasema uongo mbele ya watu, na ili nisiumbuke akajifanya mzee asiyekumbuka, akaliachia shamba la baba yake na nyumba aliyoijenga. Hakuniambia neno hadi anakufa. Kila nilipokwenda aliniuliza kama kazi inaendelea vizuri. Ni aibu, kaka. Sina neno jingine, ni aibu inayokula na kulala na mimi. Na wewe, uliyeacha sekondari ili mimi niendelee, unatumikia miaka miwili kwa kumpiga mtu kwa kosa nililolifanya mimi. Kasimiri ni mlafi, hilo namwachia Mungu wake, lakini hakughushi kitu.

Ijumaa nilikwenda kwa wakili nikamweleza yote. Alivua miwani, akaiweka juu ya faili lako. Anasema nikila kiapo kwamba baba alisainishwa bila kujua yaliyomo, shamba huenda likasikilizwa upya. Kwako wewe anasema kiapo hicho hakitasaidia kitu, tena kitaiua hoja yako ya pekee. Kiapo nimekula. Chuoni nimeandika barua ya kuiondoa makala na kueleza sababu, na najua nao wataniondoa. Mama nitamwambia leo akitoka ibadani. Sijui atakaa kwangu au ataomba kwenda kwa Marcelina, na popote atakapochagua nitambebea mzigo.

Wasalimie wenzako wote humo ndani. Marcelina anakusalimu, watoto wanakusalimu, na mama anasema, kama anavyosema kila siku, kwamba ameweka kigoda chako mlangoni. Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka nije, mwambie mchungaji, nitakuja. Usipotaka, nitaendelea kuleta dawa za kikohozi mlangoni.

Jambo la mwisho. Wiki ijayo wakili atakuletea karatasi ya kuiondoa ile hoja ya kughushi, na lazima uweke saini. Ameniomba niiandae mimi, kwa kuwa najua habari yote. Isome kwanza, kaka. Isome mwenyewe, neno kwa neno hadi chini, hata wakikuharakisha, hata wakikuambia imeandikwa na dada yako.

Mdogo wako,
Recheli Eliya Mabruki