Masafa ya Tash-Bulung Yamo Daftarini, Mzee Toktosun

Mwaka umetimia leo, Mzee wetu Toktosun Mamyrov, tangu ulipovua miwani, ukaiweka juu ya redio yako ya mfukoni na kusema unajinyoosha kidogo kabla ya chai. Chai ilipoa, nasi tukabaki tunakuita. Mwaka mzima tumekuwa tukilia kila tukitaja jina lako, lakini leo utatusamehe, kwa sababu tuna habari na imetushinda kuinyamazia. Masafa ya redio ya Tash-Bulung yameandikwa katika Daftari Kuu kule Geneva. Yameandikwa, Mzee. Miaka minane ya kukataliwa imekwisha.

Mkeo Zuurakan anasema tusikurupuke, tuanze kwa adabu kama watu wengine. Haya, tuanze kwa adabu.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukiingia kwenye harusi za watu na redio mfukoni. Kabla hujagusa pilau ungezunguka nyuma ya nyumba, ukavuta antena na kusikiliza nani kamwingilia nani hewani, na wenye harusi walidhani unafuatilia mpira. Tunakumbuka lile gari lako lenye antena kwenye paa, lililojulikana na kila kuku wa bonde hili. Tunakumbuka ulivyompa mgeni mkate wa katikati, ulio laini, ukachukua wewe wa pembeni, na kukana kwamba umefanya hivyo.

Kazi yako ulitueleza kwa maneno mepesi. Ulisema sauti ya redio haisimami kwenye kizuizi cha mpakani kuonyesha karatasi. Kwa hiyo ukitaka kuweka mnara karibu na mpaka, unamwandikia jirani kwanza: utarusha kwa masafa gani, kutoka wapi, kwa nguvu kiasi gani. Jirani akikubali, unapeleka Geneva, nao wanaandika kwenye Daftari Kuu. Tangu siku hiyo hakuna mwenye haki ya kukufunika. Asiyeandikwa ni mpangaji asiye na mkataba, anaweza kuamshwa wakati wowote aambiwe atoke.

Na tunakumbuka asubuhi zako. Hukutuma fomu hata moja bila Zuurakan kukusomea tarakimu zake kwa sauti, wewe ukiwa umefumba macho. Yeye ni fundi cherehani, hajui kilohezi ni mdudu gani, lakini alisoma.

"Mia na mbili nukta nne," angesema.

"Rudia."

"Mia na mbili nukta nne. Mume wangu, namba haijabadilika tangu nilipokunywa hiki kikombe."

Ndiyo maana ofisini walikuwa na usemi wao: tarakimu za Toktosun hazikaguliwi. Tuliusikia usemi huo kwa fahari miaka yote. Kumbe ndio uliotuponza.

Meza yako alipewa binti yako Burulcha. Alikuta droo zako zimepangwa kama sanduku la bibi harusi, na juu kabisa faili la Tash-Bulung, limenenepa. Wewe mwenyewe unajua lililokuwemo. Kijiji kile kilikuwa kinarusha kwa kibali cha muda, kwa nguvu ya kuwasha balbu moja, mnara umesimama juu ya shule. Mtangazaji wao Salkin alitangaza mbuzi waliopotea, vifo, ndoa, na wakati wa masika tope linaposhuka mlimani aliwaambia watu watoke kando ya kijito. Waliokaa juu ya kona ya bonde hawakumsikia, kwa sababu nguvu haikufika. Ili waongezewe nguvu ilibidi jirani akubali, na jirani alikataa mara nane. Mwaka huu mkuu wa ofisi alisema kibali cha muda hakiongezwi tena. Mwisho wa Aprili, jirani asipokubali, mtambo unazimwa, na Aprili ndiyo tope linaanza.

Salkin alipiga simu mwezi wa pili. "Burulcha, niambie ukweli tu. Nianze kutafuta boksi la kutia maikrofoni?"

"Bado, shangazi."

"Baba yako naye, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa bado. Mimi nimeota mvi kwenye bado zenu."

Burulcha alikata simu. Akazifungua zile barua nane za jirani. Zote zilikuwa na mstari mmoja, "Hatukubali," na sahihi ya Ergashali Nurmatov, mwenzako wa ng'ambo ya mpaka, yule yule uliyekunywa naye chai katika kila mkutano kwa miaka ishirini. Hakutoa sababu hata mara moja. Nawe hukumwuliza. Tulipokusukuma ulisema, "Ergashali ana sababu zake. Mtu mzima habanwi."

Sasa sikiliza, Mzee, hapa ndipo mambo yalipochemka. Burulcha aliamua kuweka kila mnara wako kwenye ramani mpya ya kompyuta, apate kujifunza. Vidoto vikajitokeza kimoja kimoja mahali pake. Tash-Bulung hakikuwepo. Akatafuta, akakuza ramani, akatafuta tena, akakiona zaidi ya kilomita kumi na moja upande wa magharibi, ndani ya nchi ya jirani, katikati ya shamba la aprikoti.

Alikimbilia kadi yako ya zamani. Kwa mwandiko wako mzuri ilisomeka: longitudo nyuzi sabini na moja na dakika ishirini. Kwenye fomu ya kompyuta uliyotuma ilisomeka sabini na moja nukta ishirini. Ile kompyuta ilitaka sehemu za mia, wewe ukaipa dakika, kama ulivyofundishwa ujanani. Dakika ishirini ni theluthi ya nyuzi, nukta ishirini ni moja ya tano tu. Latitudo ilipona kwa sababu ilikuwa arobaini kamili, haina cha kukosewa. Na barua zote nane zilinakiliwa kutoka fomu ile ile, kwani nani angekagua tarakimu za Toktosun?

Burulcha alicheka, akalia, kisha akaenda kufunga mlango wa ofisi. Ugunduzi ulimfurahisha, na papo hapo ukamtia hofu. Angeweza kuanzisha ombi jipya kimya kimya, kana kwamba ni mnara mwingine, na jina lako lingebaki safi. Lakini siku za jirani kujibu ombi jipya zingevuka Aprili. Njia ya haraka ilikuwa moja: kusimama kwenye mkutano wa Machi, mbele ya maofisa wa nchi zote mbili, na kusahihisha ombi lile lile kwa kusema wazi kwamba Toktosun Mamyrov alikosea.

Alikuja nyumbani na koti lake begani, hata hakulivua.

"Mama, Baba alikosea."

"Kakosea nini tena, na keshatangulia?"

"Namba. Mnara wa Tash-Bulung aliuweka kwa jirani."

Zuurakan aliweka mkasi chini. "Lini?"

"Fomu ya kwanza. Miaka minane iliyopita, mwezi wa kumi."

"Mwezi wa kumi nilikuwa nimelazwa, nimepasuliwa nyongo. Hakuwa na wa kumsomea. Ningesema nukta, angeruka kwenye kiti."

"Sasa nifanyeje? Nikisimama pale watamcheka, Mama. Watu mpaka leo mtoto akifanya hesabu vizuri wanasema huyu Toktosun."

"Wamcheke. Mwenyewe alipenda watu wacheke. Redio ikizimwa tope likaja, hapo nani atacheka? Nenda ukaseme, na useme kwa sauti, usimung'unye kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani."

Akaenda. Mkutano ulikuwa ng'ambo, katika ukumbi wenye meza ndefu na sahani za zabibu kavu. Burulcha alisimama, akasema yote kwa sauti, nyuzi kwa nyuzi, na mwisho akasema, "Kosa ni la baba yangu. Naomba lisahihishwe." Kisha akabaki amesimama.

Ergashali alivua kofia yake yenye nakshi, akajifuta upara. "Binti, unaniambia mnara uko Tash-Bulung kwenyewe? Juu ya shule?"

"Juu ya shule, ami."

"Hauko kwenye shamba la shemeji yangu?"

"Hauko, ami."

Basi mzee yule alicheka mpaka akashika meza. "Miaka minane! Miaka minane baba yako ananimiminia chai, ananiuliza hali ya wajukuu, na huku anataka kusimamisha chuma katikati ya aprikoti za shemeji yangu. Nikasema, huyu Toktosun kapata wapi uso mkavu hivi?"

"Kwa nini hukumwambia?"

Hapo kicheko kilimwisha. "Ningemwandikia nini? Kwamba mnara wenu uko kwenye ardhi yetu? Barua ile ingepanda mpaka wizarani, na huko wangeuliza nani kasogeza mpaka. Unalijua bonde hili. Tungeamka kila upande wa mto umejaa askari. Nikaandika neno moja, nikafunga mdomo. Nilidhani namlinda."

"Naye hakukuuliza kwa kuwa alikuheshimu."

"Ndiyo," alisema Ergashali. "Mimi namlinda, yeye ananiheshimu, na watu wa Tash-Bulung hawana redio."

Usidhani alitia sahihi kwa machozi, Mzee, unamjua alivyo. Aliwaita wahandisi wake wawili, akawaamuru wapige hesabu upya pale pale mezani, safari hii mnara ukiwa juu ya shule. Burulcha alihesabu upande wake, wao upande wao, hakuna aliyegusa zabibu. Kilichotuokoa ni ule mlima, Mzee, mlima uliokuwa ukiulaani kila kipupwe ulipokwama na gari. Umesimama katikati kama ukuta, na kinachovuka upande wa pili hakitoshi hata kukwaruza redio ya mtu. Tarakimu za pande zote mbili zilikubaliana. Ergashali alitia sahihi kabla pilau haijaletwa, na alipomaliza akaitazama kalamu muda mrefu.

Ombi likaenda Geneva. Waraka wao hutoka kila wiki mbili, na Burulcha aliufungua kila ulipotoka, kwanza patupu, kisha patupu tena. Aprili ikafika, zikabaki siku tisa. Jumanne ile alipoufungua, mstari ulikuwapo. Alitoka ofisini mbio bila koti, akapita sokoni akiwaambia wauza vitunguu, ambao walimpongeza wakidhani ameposwa. Zuurakan aliposikia aliwasha moto papo hapo akakaanga maandazi ya boorsok sufuria mbili, harufu ikufikie uliko. Kama ulinusa kitu Jumanne hiyo mchana, ndiyo habari yenyewe.

Salkin alipowasha mtambo kwa nguvu mpya alikaa hewani saa nne bila kunywa maji. Alitangaza mbuzi wote waliopotea tangu mwaka juzi, pamoja na waliokwisha kuliwa. Na tarehe mbili mwezi huu, mvua iliponyesha juu, aliwaambia wa juu ya kona watoke, nao wakamsikia, wakatoka. Tope lilichukua mabanda mawili na choo. Halikuchukua mtu.

Jumamosi hii tunafanya karamu yako ya mwaka. Farasi wa kuchinjwa amechaguliwa, mbio za farasi zitakuwapo, na Burulcha amekataza mtu yeyote kuongea kwa huzuni zaidi ya robo saa.

Jambo moja tu limebaki, na ndilo lililotufanya tuandike. Burulcha alipouona mstari wa Geneva alitafuta jina lako. Kuna nchi, kuna masafa, mahali, nguvu, urefu wa mnara. Hakuna safu ya jina la mtu. Miaka yako minane imo ndani ya mstari ule na hakuna atakayejua. Basi tunakuandika sisi hapa, mbele ya wasomaji wote: Toktosun Mamyrov, mhandisi wa masafa, aliyekosea mara moja katika miaka arobaini, na hakuchoka kuwaombea watu wa Tash-Bulung mpaka siku alipolala.

Unakumbukwa na mkeo Zuurakan. Wanao Burulcha na Nurdin. Mkwe wako Anarkan. Wajukuu zako wanne. Salkin na kijiji kizima cha Tash-Bulung, wa chini na wa juu ya kona. Na Ergashali Nurmatov wa ng'ambo, aliyepiga simu jana kuuliza kama jina lake linaweza kuwekwa upande wa ndugu. Tumeliweka.

Hatutakusahau, Mzee wetu, siku zote za maisha yetu.