Sponji Ndani ya Mkanda

4 Mei

Mwanangu mpenzi,

Salamu tele. Mimi mzima, ukiondoa upande uliogoma. Shangazi yako hajambo, ananinyoa ndevu kama anayekwangua sufuria.

Tangu kile kiharusi, hospitalini wananivisha roboti mguuni, nusu suruali ya chuma yenye mikanda. Fundi nguo mzima navalishwa vazi lisilonikaa! Dada wa mazoezi anasema halimbebi mtu: husikia msuli ukijaribu, ndipo liusaidie. Mwisho wa mwezi watapima. Mguu ukijibu, nabaki nalo. Ukinyamaza, anapewa mwingine.

Mikanda huja nayo nyumbani kuifua. Ilikuwa inanichubua, basi nimeishonea sponji kwa ndani, kwa mkono mmoja, uzi nikiubana kwa meno. Hakuna aliyegundua. Ufundi haujapooza.

Baba yako

22 Mei

Mwanangu,

U hali gani? Wajukuu je? Hujajibu, najua ni kazi.

Mguu haujibu. Nasukuma mpaka jasho linaingia machoni, roboti limenuna tu. Dada wa mazoezi siku hizi hanitanii, na hilo ndilo linalonitisha. Jana tulianguka bafuni, mimi na shangazi yako. Tukacheka. Kisha yeye akalia.

Mwanangu, naogopa.

Baba yako

27 Mei

Baba, shikamoo.

Poleni sana. Nilikuwa safarini kikazi, barua zote mbili nimezikuta leo. Simu ya shangazi haipatikani.

Baba, toa sponji. Roboti linausikia msuli kupitia mikanda hiyo, umeliziba masikio. Si wewe uliyenifundisha kwamba kipimo huchukuliwa mwilini, si juu ya koti? Mwambie dada wa mazoezi, hata kwa aibu.

Binti yako

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, simu ya shangazi yako iliogeshwa pamoja na nguo.

Barua yako imekuta wameshapima. Roboti sasa analivaa mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Sikuwa na mdomo wa kulidai. Nilipomwonyesha ile sponji, dada wa mazoezi aliikamua mkononi, akasema, "Mzee, kumbe ulikuwa unajaribu kweli." Nimerudishwa mwisho wa foleni.

Usishangae mwandiko unavyopanda na kushuka. Naandika nimesimama, kwenye meza yangu ya kukatia. Shangazi yako yuko nyuma, amening'ang'ania kiunoni, analaani ukoo mzima. Mguu unatetemeka kama cherehani kibovu. Nikimaliza barua nitakaa, na nikikaa sijui kama nitainuka tena, kwa hiyo niache niirefushe. Huko baridi vipi? Wajukuu wanakula? Na yule jirani yako wa juu, bado anakoroma?