Namba ya Ukutani

Jumanne, Kibarani

Wamepaka rangi ukuta wa ofisi, na hakuna aliyeniuliza. Nimefika karakana asubuhi, ukuta mweupe, na namba ya Salim haipo.

Tulikuwa tukichora pamoja kwenye kompyuta moja, kabla hajaenda Doha. Bati likikunjwa hunyumbuka kidogo, na programu haiwezi kulikunjua sawasawa kwenye skrini, ikuonyeshe ukubwa wa kukata, mpaka uiambie kwa namba linanyumbuka kiasi gani. Kwa bati letu na mashine yetu kuukuu, jibu tulilitafuta wiki nzima. Tuliharibu vipande, tukacheka, akaliandika ukutani kwa penseli. Sikuwahi kulishika kichwani. Nilizoea kuinua macho tu.

Leo kazi ilikuwa faneli ya kumwagia chumvi, ya watu wa Marereni. Nikakisia namba. Bati likakatwa, likakunjwa, kingo zikakataa kukutana. Fundi Charo akapitisha ncha ya penseli kwenye upenyo, akasema, "Bwana Athumani, chumvi yote hii itaishia chini."

Mchana kutwa nimekata vipande vidogo, nikakunja, nikapima, peke yangu. Saa kumi nikaipata: nukta nne mbili. Nikageuka nimwambie Salim. Kwenye kiti chake siku hizi tunaweka makaratasi.

Nimeiandika palepale ukutani, kwa penseli, nikaipiga picha, nikamtumia.

Jibu lake limeingia sasa hivi: "Mashallah, ofisi imependeza. Hiyo namba ni ya nini?"