Anwani ya Mizani

Jumatatu, 10 Novemba
Kompyuta mpya ya uhasibu. Nimeiwekea anwani 46 kwa mkono, kama kawaida. Kila mashine hapa kwenye ghala la mahindi ina namba yake kwenye mtandao, na zote ninazo kichwani. Watu huniita dirishani: "Wanjiru, tupee namba!" Napenda kuitwa hivyo. Leo Achieng, aliyekuja juzi tu, amemwambia Madam Jebet, bosi wetu, kwamba swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, inaweza kugawa anwani yenyewe. Madam akamtazama kama mkulima aonaye mvua. Mimi hajawahi kunitazama hivyo. Mimi na Achieng sote tuko kwa mkataba. Nafasi ya kudumu ni moja.

Jumatano, 12 Novemba
Madam amemruhusu Achieng aipange swichi igawe anwani. Huchapa amri bila kuangalia vidole. Nachukia hata vidole. Akaniuliza mbele ya Madam: "Wanjiru, ni anwani gani swichi isiguse?" Nikamtajia papo hapo. Printa mbili, kamera, seva, zile zisizofaa kubadilishiwa namba. "Aki wewe ni noma," akasema. Nilisikia dharau. Labda haikuwepo. Nimetembea hadi nyumbani Munyaka nikiomba mtambo wake ukwame. Kweli, niliomba.

Alhamisi, 13 Novemba
Mtambo unafanya kazi. Hakuna aliyeniita.

Ijumaa, 14 Novemba
Umekwama! Kompyuta ya mizani ya malori haikupata mtandao asubuhi, hakuna lori linalopimwa. Foleni ya malori ya mahindi hadi barabarani, mawingu yametanda. Mzee mmoja wa Cheptiret akafoka: "Nyinyi wasichana, mahindi yangu ikinyeshewa, mtanunua na bei gani?" Nilifurahi. Nilifurahi hadi kifua kikauma.

Kisha Achieng akanionyesha skrini. Swichi ilikuwa imeipa simu ya karani anwani 20. Ishirini ni ya mizani. Kompyuta ile huzimwa jioni. Ilipowashwa, simu ilikuwa imeshaichukua namba, na mashine mbili haziwezi kutumia moja. Na ishirini niliiweka mimi, ya kwanza kabisa niliyoweka hapa. Jumatano sikuitaja. Nilitaka kujibu haraka, nionekane.

Madam akaja akiwaka. "Nani amesahau mizani?" Nikangoja Achieng aninyooshee kidole.

"Ni mimi na Wanjiru, Madam. Tumeshaitenga namba yake. Lori ya Mzee inaingia sasa."

Kuanguka kwake ningekuvumilia. Wema wake siuwezi.

Jumatatu, 17 Novemba
Achieng amepata ile nafasi. Ilitangazwa wakati wa chai. Nikampa mkono. Akaushika kwa mikono yote miwili.

Wivu haujaisha. Umepunguza sauti tu.

Wengine walipoondoka nilikaa. Kompyuta yangu ndiyo pekee ya mezani iliyobaki na namba niliyoiandika mwenyewe. Nikaifuta ile namba. Nikaiacha kompyuta ipokee ya swichi kama zingine.

Swichi imenipa 57. Nikaitazama kidogo. Nikachukua sweta, nikafunga dirisha.